Imefika Hatua ya Ngapi? Picha za Kuomba Kabla ya Kutibu Saratani ya Kinywa

Majibu ya kinyama, yaani kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kwa uchunguzi, yakitoka maabara na kusema ni saratani, swali la familia huwa moja: imefika hatua ya ngapi? Wengi hudhani jibu limo kwenye karatasi ileile. Halimo. Kinyama huthibitisha kwamba ugonjwa ni saratani na ni ya aina gani. Hakiwezi kueleza uvimbe umezama kiasi gani ndani ya ulimi, kama umeingia kwenye taya, au kama umeshatuma mbegu zake kwenye matezi ya shingo. Hayo hutafutwa kwa macho na vidole vya daktari, kisha kwa picha.

Naandika kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza kutoka dirisha moja hadi jingine akiwa na bahasha ya filamu mkononi. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yatakayofuata yanauelezea: kila picha iombwe ili ijibu swali linalojulikana, na maswali hayo yajibiwe kabla kisu au mionzi havijaanza. Tiba ikianza bila majibu, mgonjwa anaweza kukatwa kidogo kuliko inavyotakiwa na ugonjwa ukarudi, au kukatwa taya ambalo lilikuwa zima.

Hatua hupangwaje

Madaktari hutumia herufi tatu. T ni uvimbe wenyewe, N ni matezi ya limfu ya shingoni, na M ni kusambaa kwenda viungo vya mbali kama mapafu, ini au mifupa. Kila herufi hupewa namba, na namba hizo zikiunganishwa hutoa hatua ya 1 hadi ya 4.

Zamani T ilipimwa kwa upana wa uvimbe peke yake. Tangu toleo la 8 la mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua lianze kutumika mwaka 2018, kina nacho kinahesabiwa. Kidonda chenye upana wa sentimita 1.5 na kina cha milimita 4 ni T1. Kidonda cha upana uleule kilichozama milimita 8 ni T2, ingawa ukivitazama kwa kioo utaona viko sawa. Uvimbe uliovunja gamba gumu la mfupa wa taya, au uliotokeza kwenye ngozi ya uso, ni T4.

Shingo nayo hubadilisha hesabu yote. Mgonjwa mwenye kidonda kidogo sana, ila ana tezi moja yenye ugonjwa isiyozidi sentimita 3 upande uleule, yuko hatua ya 3. Matezi yakiwa mengi, au yakiwa pande zote mbili, ni hatua ya 4.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Hatua ya 4 ya saratani ya kinywa haina maana kwamba mgonjwa arudishwe nyumbani kusubiri. Hatua hiyo imegawanywa katika makundi, na kundi la kwanza lina wagonjwa wengi ambao bado hutibiwa kwa nia ya kupona: upasuaji, kisha mionzi, wakati mwingine pamoja na tibakemikali. Ukiambiwa "ni ya nne", uliza papo hapo: ni ya nne kwa sababu gani? Kwa sababu ya mfupa, ya shingo, au ya mapafu? Majibu hayo matatu yana njia tofauti kabisa mbele yake.

Swali la kwanza: imezama kiasi gani?

Kwa saratani ya ulimi na ya sakafu ya kinywa, picha inayoona vizuri zaidi ni MRI, yaani picha ya sumaku. Mashine hii haitumii mionzi, na inatofautisha nyama laini kwa namna ambayo CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, haiwezi. Inaonyesha kama uvimbe umeingia kwenye misuli ya ndani ya ulimi, kama umevuka mstari wa katikati, na kama unafuata mshipa wa fahamu kuelekea kwenye fuvu. Mambo haya humwambia mpasuaji kama ataondoa kipande cha ulimi, nusu yake au zaidi, na kama atalazimika kuandaa nyama ya kuziba pengo kutoka mkononi au pajani.

Kina hupimwa kuanzia usawa wa utando mzima wa kinywa uliopakana na uvimbe kwenda chini. Uvimbe ulioinuka juu kama uyoga unaweza kuwa mnene na bado mizizi yake ikawa mifupi. Kidonda kilichochimbika kinaweza kuonekana chembamba kumbe kimezama. Ndiyo maana ripoti inapaswa kutaja kina, haitoshi kutaja unene. Fahamu pia kwamba MRI huelekea kuonyesha kina kikubwa kidogo kuliko kile kitakachopimwa kwa darubini baada ya upasuaji. Hatua inayotajwa kabla ya upasuaji ni makadirio ya kitabibu. Inayotoka maabara baada ya nyama yote kuchunguzwa ndiyo huthibitisha. Namba ikibadilika, hakuna aliyekudanganya.

Jambo moja zaidi kuhusu ulimi. Theluthi mbili za mbele ndizo huhesabiwa kuwa kinywa. Theluthi ya nyuma, kule koo linapoanzia, ni eneo jingine, na saratani yake hupangiwa hatua kwa kanuni nyingine. Hakikisha ripoti inasema wazi uvimbe umeanzia wapi.

Swali la pili: mfupa umeguswa?

Picha ya kawaida ya eksirei inayoonyesha taya lote, ambayo kliniki nyingi za meno zinayo, ni ya bei nafuu na ina faida zake. Lakini haigundui uharibifu wa mapema. Mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake, kiasi cha asilimia 30 hadi 50, ndipo weusi uonekane kwenye filamu. Hivyo picha hiyo ikionyesha mfupa umeliwa, ni habari ya kuaminika. Isipoonyesha kitu, bado hujajua.

CT ndiyo hujibu vizuri kuhusu gamba gumu la nje la mfupa, hasa vipande vya picha vikiwa vyembamba na vikiandaliwa kwa mipangilio ya mfupa na ya nyama laini. MRI huona uboho ulio ndani ya mfupa kabla gamba halijavunjika waziwazi, ila wakati mwingine huchukua uvimbe unaotokana na jino bovu ikadhani ni saratani. Ndiyo sababu kwa uvimbe wa ufizi, au wa pembe ya nyuma ya magego, madaktari wengi hupenda kuwa na zote mbili.

Jibu la swali hili lina uzito kwa mgonjwa kuliko anavyodhani. Mfupa ulioguswa juujuu unaweza kuchongwa ukingo wake na taya likabaki na umbo lake. Uboho ukiingiliwa, kipande kizima cha taya huondolewa, na hapo huja mazungumzo ya kupandikiza mfupa kutoka mguuni.

Mweleze daktari dalili mbili bila kusubiri kuulizwa. Ya kwanza ni ganzi ya mdomo wa chini au kidevu: huenda mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya umeingiliwa. Ya pili ni kinywa kushindwa kufunguka: huenda ugonjwa umefika kwenye misuli ya kutafunia. Omba ziandikwe kwenye fomu ya kuombea kipimo. Daktari bingwa wa radiolojia anayesoma picha hajakuona wala hajakushika. Akiandikiwa "ganzi ya kidevu kulia", ataufuata mshipa huo milimita kwa milimita.

Swali la tatu: shingo iko salama?

Hali ya matezi ya shingo ni miongoni mwa mambo yanayoamua zaidi maisha ya mgonjwa wa saratani ya kinywa. Ultrasaundi hufanya kazi kubwa hapa, nayo inapatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya na za kaunti. Haina mionzi, na kwa msaada wake daktari anaweza kuingiza sindano nyembamba kwenye tezi yenye mashaka na kuvuta seli za kupeleka maabara. CT yenye dawa ya kung'arisha picha huonyesha shingo yote, kuanzia chini ya fuvu hadi kwenye mtulinga, na mara nyingi hufanywa kwa kikao kimoja na picha ya kinywa.

Wasomaji wa picha hutazama kipimo kifupi cha tezi, na wengi hutilia shaka tezi inayozidi milimita 10. Hutazama pia umbo: tezi iliyoviringana kama mpira inatia wasiwasi kuliko ile ndefu. Hutazama kama katikati yake kumekufa, na kama kingo zake zimechafuka kwa sababu ugonjwa umetoboa ganda na kuingia kwenye nyama za jirani. Ugonjwa ukitoboa ganda na dalili zake zikaonekana wazi kwa daktari, N hupanda hadi 3 hata kama tezi ni ndogo.

Sasa jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua: shingo iliyo safi kwenye picha si lazima iwe safi. Mbegu za saratani zenye ukubwa wa milimita moja au mbili hazionekani kwa mashine yoyote. Kati ya wagonjwa wa saratani ndogo za kinywa wenye shingo inayoonekana salama, asilimia 20 hadi 30 huwa tayari wana ugonjwa uliojificha kwenye matezi. Mwaka 2015 madaktari wa Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, wakiongozwa na Anil D'Cruz, walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa wapatao 500 wa aina hiyo. Kundi moja liliondolewa matezi ya shingo katika upasuaji uleule wa kinywa. Kundi jingine lilifuatiliwa, na shingo ikapasuliwa pale tu ugonjwa ulipojitokeza. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 80. Katika kundi la pili, asilimia 67.5.

Kwa hiyo mpasuaji akisema ataondoa matezi ya shingo ingawa ripoti imeandika hakuna kitu, usikimbilie kudhani anatafuta kazi. Muulize kina cha uvimbe ni kiasi gani, kwa kuwa kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo hatari ya ugonjwa uliojificha inavyoongezeka.

Na huko mbali?

Kwa uvimbe mkubwa au shingo yenye matezi, CT ya kifua inahitajika. Mapafu ndiyo mahali saratani hii hupenda kwenda, na mvutaji wa sigara anaweza kuwa na saratani nyingine ya mapafu inayojitegemea.

PET-CT hutumia sukari yenye mionzi kidogo kuonyesha mahali ambapo seli zinakula kwa kasi. Nairobi ina mashine hizi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni kipimo cha gharama kubwa, na si kila mgonjwa anakihitaji. Kinafaa ugonjwa ukiwa umeendelea sana, au tezi ikiwa na saratani ambayo chanzo chake hakionekani, au daktari akitaka kujua kama mionzi imemaliza ugonjwa. Kwa kazi hiyo ya mwisho husubiriwa wiki kama 12 baada ya mionzi, kwa kuwa mapema zaidi nyama iliyoungua nayo hung'aa ikafanana na ugonjwa. Usiuze shamba kwa ajili ya PET-CT ya kidonda kidogo cha ulimi ambacho MRI na ultrasaundi zimekitosheleza.

Kipi kitangulie

Penye nafasi, ni vizuri MRI au CT ifanyike kabla ya kinyama kuchukuliwa. Jeraha la kinyama huleta uvimbe na damu, na kwa wiki mbili hivi picha inaweza kuonyesha kidonda kikubwa kuliko kilivyo. Lakini kinyama kisicheleweshwe kwa miezi eti picha inasubiriwa. Kikiwa kimeshachukuliwa, tarehe yake na upande wake viandikwe kwenye fomu.

Meno yasing'olewe ovyo kwenye eneo lenye uvimbe. Jino lililolegea karibu na kidonda kisichopona huenda limelegezwa na saratani yenyewe, na shimo la jino lililong'olewa huonekana kwenye picha kama mfupa ulioliwa. Meno mabovu yaliyo kwenye njia ya mionzi ndiyo hung'olewa, kwa mpango, na jeraha hupewa angalau wiki mbili kupona kabla ya mionzi kuanza. Hapo ndipo ile eksirei ya taya lote inapokuwa na thamani kubwa, kwani huonyesha meno yote na mizizi yake kwa mara moja.

Kuna hofu ninayoisikia sana: kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Kinyama kinachochukuliwa kwa utaratibu hakiisambazi saratani ya kinywa, na picha ya CT haiichochei. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni miezi inayopita mgonjwa akibadilisha dawa za kusukutua.

Siku ya kipimo

Kabla ya CT yenye dawa, pima kreatinini ili kujua hali ya figo. Sema kama una mimba, pumu, au kama dawa hiyo iliwahi kukuletea vipele au kubanwa na pumzi. Mwenye kisukari anayetumia metformin aulize kama aiache kwa muda, asijiamulie mwenyewe. Wakati dawa ikiingia mshipani utahisi joto mwilini na ladha ya chuma kinywani, na hali hiyo hupita baada ya dakika chache.

Kabla ya MRI, sema kama una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini. Fundi wa kuchomelea vyuma aseme hata kama anahisi cheche ya chuma iliwahi kumwingia jichoni. Kipimo huchukua nusu saa au zaidi, na ulimi unapaswa kutulia. Mgonjwa mwenye maumivu au mate mengi apewe dawa ya maumivu mapema na asafishwe mate kabla ya kulala kwenye mashine, maana kila anapomeza picha huharibika.

Vua meno ya bandia. Meno yaliyozibwa kwa chuma hutoa miale inayofunika sehemu ya picha ya CT. Mkumbushe mpiga picha, naye anaweza kurudia ukiwa umefungua kinywa ili miale ihamie kwingine. Kwa uvimbe wa shavu au ufizi kuna mbinu ambayo haigharimu chochote: kujaza hewa mashavuni wakati picha inapigwa. Shavu hutengana na ufizi, na uvimbe huonekana umeanzia upande gani. Uliza kama itafanywa.

Kwa PET-CT, funga kula kwa saa 6, sukari ipimwe, na baada ya sindano kaa kimya kwa saa nzima. Usitafune chochote siku hiyo, iwe bazoka, tambuu au miraa, kwa sababu misuli ya taya iliyofanya kazi nayo hung'aa.

Baada ya picha kutoka

Dai vitu viwili: ripoti iliyoandikwa na picha zenyewe kwenye sidii au flashi. Filamu huwa na picha chache zilizochaguliwa, na filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haifai kupangia upasuaji. Anayepewa rufaa kwenda Muhimbili, Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda, au anayesafiri kwenda India, asiondoke bila sidii hiyo, ripoti ya kinyama, na ikiwezekana kinyama chenyewe kilichohifadhiwa kwenye nta. Vinginevyo ataanza upya, kwa pesa yake na kwa muda wake.

Ripoti huja kwa Kiingereza. Mwombe daktari akuelezee kwa Kiswahili mambo haya, nawe uyaandike kwenye daftari: uvimbe umeanzia wapi, upana wake, kina chake, umevuka katikati au la, mfupa umeguswa au la, matezi ni mangapi na upande gani, ganda limetobolewa au la, na mapafu yako vipi. Ripoti isiyogusa mambo hayo irudishwe kwa aliyeisoma aiongezee. Ni haki yako, na daktari makini hatakasirika.

Picha pia ina umri wake. Saratani ya kinywa hukua, na picha ya miezi mitatu iliyopita haielezi uvimbe wa leo. Picha zikishapigwa, fuatilia tarehe ya upasuaji au ya mionzi siku hiyohiyo.

Uwezo ukiwa mdogo

Si kila familia itamudu kila mashine, na si kila mgonjwa anazihitaji zote. CT moja iliyopigwa vizuri, yenye dawa, kuanzia fuvu hadi kifuani, hujibu sehemu kubwa ya maswali kuhusu mfupa, shingo na mapafu kwa safari moja. Katika miaka ya karibuni hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania zimewekewa mashine za CT. Kwa ulimi, ukipata nafasi ya kuongeza kipimo kimoja tu, ongeza MRI. Kwa tezi yenye mashaka, ongeza ultrasaundi na sindano. Kabla ya kulipa, uliza bima yako inagharamia nini na kama kibali kinahitajika, kisha uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha. Na muulize daktari swali hili bila aibu: jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika tiba yangu? Kama halitabadilisha kitu, pesa hiyo ibaki kwa ajili ya nauli, chakula laini na siku za mionzi.

Mwisho, nawasihi wanaokula tambuu, ugoro au kuberi, wanaovuta sigara na wanaokunywa pombe kali, pamoja na wote wanaoishi nao: kidonda, doa jeupe au jekundu, au uvimbe wa kinywani uliozidi wiki 3 bila kupona uonwe na daktari wa meno au wa kinywa wiki hiyohiyo. Saratani ya kinywa iliyo hatua ya 1 huhitaji picha chache, upasuaji mdogo na pesa kidogo, na wagonjwa wake wengi hupona.